Vinundu vya chokaa kwenye ngozi ya pumbu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno "korodani" hutumika kwa vitu viwili: mfuko wa ngozi unaoning'inia, na tezi mbili zilizomo ndani yake. Hapa mfuko tunauita pumbu, na tezi tunaziita korodani. Tafadhali ishike tofauti hiyo unaposoma, maana karibu kila jibu linaitegemea.

## Mambo ya msingi

1. Hivi vinundu vigumu, vyeupe, kwenye pumbu ni nini?

Ni chokaa, yaani chumvi za kalsiamu na fosfeti, iliyojikusanya ndani ya ngozi yenyewe. Kinundu huwa kigumu kama kokoto au shanga, rangi yake nyeupe au manjano hafifu, na ngozi iliyokifunika kwa kawaida ni nzima na nyororo. Ukubwa huanzia milimita chache hadi kama sentimita 3. Kinaweza kuwa kimoja, lakini mara nyingi ni vingi, vingine vimeshikana kama kichala. Wapo wenye zaidi ya 50.

Madaktari huita hali hii kalsinosisi ya pumbu. Lewinski aliieleza mara ya kwanza mwaka 1883. Ni hali adimu, kwa hiyo hata daktari mzuri wa kawaida anaweza kuwa hajawahi kuiona. Usishangae akikutuma kwa daktari wa ngozi au wa mfumo wa mkojo.

2. Je, ni saratani, au vinaweza kugeuka saratani?

Si saratani. Ni uvimbe usio na madhara, na haujulikani kuwa na tabia ya kugeuka kuwa saratani hata ukikaa miaka mingi. Kinachopaswa kukuhangaisha ni kitu kigumu kilicho ndani ya korodani, si kwenye ngozi. Namna ya kutofautisha iko kwenye swali la 6.

3. Ni ugonjwa wa zinaa? Naweza kumwambukiza mwenzangu?

Hapana. Hakuna kijidudu chochote ndani ya kinundu cha chokaa, na hakihami kutoka mwili mmoja kwenda mwingine kwa kujamiiana, kwa taulo wala kwa nguo. Tunalisema wazi kwa sababu wanaume wengi hukaa na vinundu hivi kwa miaka kimya kimya, wakiogopa kushukiwa. Mwonyeshe mwenzako jibu hili ikibidi.

Ikiwa kinundu kimepasuka na kuna kidonda wazi, ni vizuri kusubiri kipone kabla ya kujamiiana, kwa sababu kidonda chochote sehemu hizo ni mlango wa maambukizi mengine.

4. Vinatokana na nini?

Mwaka 1970 Shapiro na wenzake waliipa hali hii jina linalomaanisha kwamba chanzo chake hakijulikani, na jina hilo limebaki. Hata hivyo tangu hapo maelezo matatu yamekuwa yakishindana.

Lenye ushahidi mwingi zaidi ni la vifuko vya ngozi. Kipande kidogo cha ngozi ya juu huzama chini na kujifunga kama kifuko, kikaendelea kutoa keratini, ule utando mkavu ambao ngozi huubambua kila siku. Keratini haina pa kutokea, inarundikana. Baada ya muda ukuta wa kifuko huvimba au kupasuka, na chokaa huanza kutua juu ya keratini. Seli za kinga hula masalia ya ukuta kidogo kidogo, na mwishowe kinabaki kipande cha chokaa kisicho na ukuta wowote. Mwaka 1982 Swinehart na Golitz walionyesha hatua hizo kwa darubini: vifuko vizima, vifuko vilivyoanza kujaa chokaa, na chokaa tupu. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na vinundu laini na vigumu kwa wakati mmoja.

Maelezo ya pili yanataja mirija ya jasho iliyoziba. Ya tatu yanataja dartosi, msuli mwembamba ulio chini ya ngozi ya pumbu, kwamba nyuzi zake hudhoofika na chokaa ikashika hapo. Inawezekana njia zote tatu zinaishia kwenye kinundu kilekile. Kwa mgonjwa tofauti hiyo haibadilishi matibabu, ila inaeleza kwa nini mpasuaji makini huondoa na vile vidogo laini ambavyo bado havijawa chokaa.

Hali hii huonekana zaidi kwa vijana na watu wazima wa miaka 20 hadi 40, ingawa wengi wakikumbuka vizuri husema kinundu cha kwanza kilianza walipobalehe. Hukua polepole sana, kwa miaka.

5. Je, ni kwa sababu ya maziwa, vidonge vya kalsiamu au maji ya chumvi?

Hapana. Kwa mwenye hali hii, kalsiamu ya damu ni ya kawaida. Tatizo liko kwenye ngozi ya mahali hapo tu. Kuacha maziwa hakupunguzi kinundu hata milimita moja, na kunaweza kudhoofisha mifupa yako bure. Vivyo hivyo uchafu: kuoga zaidi hakuvizuii.

Vidonge vya vitamini D kwa kiwango kikubwa mno, kwa muda mrefu, vinaweza kupandisha kalsiamu ya damu, lakini hiyo ni hali nyingine kabisa (swali la 9).

## Kutambua

6. Nitajuaje kama kinundu kiko kwenye ngozi au kwenye korodani?

Jipime baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, wakati pumbu limelegea. Ukijipima una baridi, ngozi imejikunja na kila kitu kinaonekana kimeshikana.

Simama mbele ya kioo penye mwanga. Shika kinundu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kivute taratibu mbali na mwili. Kikija pamoja na ngozi na korodani ikabaki nyuma, kiko kwenye ngozi. Halafu jaribu kutelezesha ngozi juu ya kinundu. Ngozi ikiteleza na kinundu kikabaki mahali pake, basi hakiko kwenye ngozi; kiko chini yake.

Malizia kwa kupapasa korodani zenyewe, moja moja, ukiiviringisha kati ya vidole vya mikono miwili. Korodani nzima ni nyororo, imara, na hubonyea kidogo kama mpira. Nyuma yake utagusa kitu laini kama kamba iliyojikunja. Hiyo ni epididimisi, sehemu ya kawaida ya mwili, na hudhaniwa uvimbe mara nyingi. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida.

Ukigusa sehemu ngumu iliyo ndani ya korodani, hata kama haiumi, usisubiri: nenda hospitali ndani ya siku chache. Saratani ya korodani hupata zaidi vijana, huanza bila maumivu, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Na ukipata maumivu makali ya ghafla ya korodani, nenda saa hiyohiyo, hata usiku. Korodani iliyojisokota hukosa damu, na uwezekano wa kuiokoa huporomoka baada ya saa 6.

7. Ni vitu gani vingine vinavyofanana na vinundu vya chokaa?

Kinachochanganya zaidi ni kifuko cha kawaida cha ngozi ambacho hakijashika chokaa. Ni laini kidogo, hubonyea, na mara nyingine kina kitundu cheusi juu. Kwa kuwa vingi huenda ni hatua ya mwanzo ya kitu kilekile, kukosea hapa hakuna hasara.

Vidoa vya Fordyce ni vitezi vya mafuta vya kawaida: vidogo vya milimita 1 hadi 2, manjano hafifu, vingi, na si vigumu. Havihitaji tiba. Lakini kuna vingine vyenye jina hilohilo la Fordyce, angiokeratoma, ambavyo ni vidoti vyekundu au vya zambarau vya mishipa midogo ya damu. Ukivikwaruza hutoa damu.

Masundosundo yana uso unaokwaruza, yameota juu ya ngozi, si ndani yake. Molaskamu ni vipele vinavyong'aa vyenye kishimo katikati kama kitovu. Vinundu vya ugonjwa wa upele, yaani skabisi, ni vyekundu au kahawia na huwasha mno usiku, na mara nyingi kuna wengine nyumbani wanaojikuna. Yote matatu huambukiza, kwa hiyo hapo kumuona daktari si jambo la hiari.

Mwisho, saratani ya ngozi ya pumbu. Ni nadra, lakini ijue sura yake: kidonda au uvimbe mmoja unaokua, wenye kingo ngumu, unaotoa damu kwa urahisi na usiopona ndani ya wiki 3 au 4. Kinundu cha chokaa kilichopasuka kinaweza kufanana nayo kwa muda. Kisipopona kwa muda huo, kipande lazima kipelekwe maabara.

8. Daktari atafanya vipimo gani?

Kwa daktari mzoefu macho na vidole vinatosha karibu kila mara. Ultrasaundi ya pumbu huongezwa kwa sababu mbili: kuthibitisha kwamba chokaa iko kwenye ukuta wa pumbu, na kuhakikisha korodani ni nzima. Kwenye picha kinundu huonekana kama doa jeupe linalong'aa, na nyuma yake kivuli cheusi, kwa sababu mawimbi ya sauti hayapiti kwenye chokaa. Haiumi, haina mionzi. Eksirei pia huonyesha chokaa, lakini haisemi lolote la maana kuhusu korodani.

Sindano nyembamba ikichomwa kwenye kinundu hutoa uji mweupe wenye chengachenga kama chaki iliyoloana. Husaidia pale panapokuwa na shaka. Pasipo shaka haina haja, maana kinundu kikishaondolewa chote kitapimwa vizuri zaidi.

9. Kama chanzo kiko kwenye ngozi tu, kwa nini napimwa damu?

Kwa sababu kuna hali chache ambazo chokaa hujikusanya kwenye ngozi kwa kuwa damu imezidiwa na kalsiamu au fosfeti: tezi za parathiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu) zinazofanya kazi kupita kiasi, figo zilizoshindwa, sumu ya vitamini D, na magonjwa kama sakoidosisi, ambapo seli za kinga hujikusanya na kuleta uvimbe mdogo mdogo mwilini. Ukikata kinundu bila kujua hilo, umeacha ugonjwa wenyewe.

Vinavyopimwa ni kalsiamu, fosfeti, kreatinini ya kuangalia figo, na pale inapohitajika homoni ya parathiroidi na vitamini D. Kalsiamu ya kawaida kwa mtu mzima ni kama 2.1 hadi 2.6 mmol/L, ingawa kila maabara ina mipaka yake iliyochapishwa kwenye majibu. Vyote vikiwa vya kawaida na ngozi nyingine haina tatizo, imetosha. Hakuna sababu ya kuvirudia kila mwaka.

Daktari atakuuliza pia kama una vinundu vya chokaa vidoleni au viwikoni, ngozi iliyokakamaa, au misuli dhaifu. Vikiwepo, uchunguzi unaelekea kwenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili.

## Kuishi navyo

10. Naweza kuviacha tu?

Ndiyo. Ukishahakikishiwa ni nini, kutofanya chochote ni chaguo halali. Sababu za kuviondoa ni kuwasha, uzito unaovuta, kusuguliwa na nguo, kupasuka mara kwa mara, maambukizi, shaka juu ya utambuzi, au sura tu. Hiyo ya mwisho ni sababu kamili kama nyingine. Mtu anayeepuka ndoa au tendo la ndoa kwa sababu ya aibu ana tatizo la kweli, na hapaswi kuambiwa "si kitu".

Jambo moja la kupima: vinundu 3 vidogo huondolewa kwa ganzi ya nusu saa. Vikifika 40 na kushikana, upasuaji unakuwa mkubwa zaidi. Ukiona vinaongezeka haraka, kuamua mapema ni rahisi kuliko kuchelewa.

11. Naweza kuvikamua au kuvitumbua mwenyewe?

Usifanye hivyo. Chokaa si usaha. Imeshikwa na nyama ngumu pande zote, na kubinya huipasua ndani kwa ndani badala ya kuitoa. Vipande vinavyobaki huamsha uvimbe mkali, na kinundu hurudi kikiwa kikubwa na chenye kovu. Sindano au wembe wa nyumbani huongeza hatari mbili: bakteria, na damu isiyokatika. Ngozi ya pumbu ni legevu, hakuna kitu cha kuibana damu inayovuja chini yake, hivyo mkato mdogo unaweza kujaza pumbu lote.

12. Kuna dawa ya kupaka au kumeza?

Hakuna iliyothibitika kuyeyusha vinundu vya pumbu. Dawa kadhaa zimejaribiwa kwa chokaa ya ngozi inayotokana na magonjwa mengine, kama diltiazemu na thayosalfeti ya sodiamu, lakini matokeo yake hayajengi msingi wa kuzitumia hapa.

Kuhusu krimu za steroidi tunaomba uwe mwangalifu sana. Ngozi ya pumbu hunyonya haidrokotisoni, steroidi hafifu, kama mara 40 kuliko ngozi ya mkono wa mbele. Krimu kali ambayo mkononi haidhuru, hapo hufanya ngozi kuwa nyembamba, nyekundu na yenye kuungua ndani ya wiki chache. Ngozi iliyoharibika hivyo hushonwa kwa shida. Siki, asidi za kuondoa sugu na dawa za masundosundo huunguza ngozi ya juu na kuacha chokaa chini ikiwa salama salimini.

13. Kimepasuka chenyewe na kinatoa uji mweupe. Nifanye nini?

Osha kwa maji safi na sabuni isiyo na harufu, mara 2 kwa siku. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Weka shashi kavu na uvae chupi inayobana kiasi. Vipande vya chokaa vikitoka vyenyewe ni sawa, usivichokoe. Kidonda kidogo huziba ndani ya siku 7 hadi 14.

Muone daktari kama ngozi inayozunguka imekuwa nyekundu na ya moto, usaha una harufu, au una homa. Ikiwa wekundu unasambaa kwa saa, maumivu ni makali kuliko kinavyoonekana, au ngozi inageuka nyeusi, nenda hospitali mara moja. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuoza kwa tishu za sehemu za siri, unaoua haraka, na wenye kisukari wako kwenye hatari zaidi.

## Upasuaji

14. Upasuaji unafanywaje?

Vinundu vichache vilivyotawanyika huondolewa kimoja kimoja. Ngozi husafishwa, ganzi huchomwa kuzunguka kinundu, kisha mpasuaji hukata umbo la jicho refu lenye kinundu katikati, likifuata mikunjo ya asili ya pumbu ili kovu lijifiche. Kinundu hutolewa pamoja na ngozi iliyokishika, juu ya dartosi, bila kufungua utando unaofunika korodani. Hapa ndipo haraka huleta hasara: ukikikwangua badala ya kukitoa kizima, punje za chokaa na vipande vya ukuta wa kifuko hubaki, na kinundu hurudi.

Kabla ya kufunga, kila kitone cha damu huzuiwa, kwa kawaida kwa kuunguza kwa umeme. Kisha dartosi na ngozi hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, mara nyingi namba 4-0, mshono mmoja mmoja.

Vinundu vikiwa vingi na vimeshikana, kukata kimoja kimoja huacha ngozi iliyotoboka kama chujio. Heri kuondoa kipande chote cha ngozi kilichoathirika kwa mkato mmoja na kuunganisha kingo. Mpira mwembamba wa kutoa damu na majimaji huachwa kwa siku moja au mbili pale sehemu iliyokatwa ni kubwa.

Vyote vinavyotolewa hupelekwa maabara ndani ya fomalini ya asilimia 10. Kama vinundu ni vikubwa, fundi wa maabara huvilainisha kwanza kwa kuondoa chokaa, vinginevyo kisu cha kukatia vipande vyembamba huharibika. Hilo huchelewesha majibu kwa siku kadhaa. Si dalili mbaya.

15. Ni ganzi au nusu kaputi?

Kwa vinundu vichache, ganzi ya mahali hapo. Lidokaini isiyo na adrenalini hutumika kwa kipimo cha juu cha 3 mg kwa kila kilo ya uzito kwa wanaotaka usalama zaidi, wengine hufika 4.5 mg. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo cha 3 mg hupata 180 mg, ambazo ni mililita 18 za lidokaini ya asilimia 1. Kiasi hicho huisha haraka vinundu vikiwa vingi. Ndiyo sababu upasuaji mpana hufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo au nusu kaputi, au hugawanywa mara mbili. Ukisikia mdomo unakufa ganzi, masikio yanavuma au ulimi una ladha ya chuma wakati wa kuchomwa, sema hapohapo. Ni dalili za mwanzo za dawa kuzidi.

16. Wakikata ngozi nyingi, itatosha kufunika?

Karibu kila mara, ndiyo. Ngozi ya pumbu ina mikunjo mingi na hunyooka kuliko ngozi nyingine mwilini. Hata nusu yake ikiondolewa, kingo kwa kawaida hukutana bila kuvutana sana. Pumbu litabana kwa wiki za kwanza, kisha litalegea polepole miezi inayofuata. Ni pale tu karibu ngozi yote imeathirika ndipo hutumika ngozi ya kupandikiza au kipande cha ngozi ya paja kilichozungushwa.

17. Vipi kuhusu leza au kugandisha kwa baridi?

Leza ya kaboni dioksidi imetumika kwa vinundu vidogo, na hufungua ngozi na kukausha damu kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba huacha nyama kidogo au huacha bila nyama kabisa ya kupeleka maabara. Kugandisha hakufai: baridi huua ngozi, haiui chokaa.

18. Nini kinaweza kuharibika?

Damu kujikusanya ndani ni tatizo la kwanza, karibu kila mara ndani ya saa 24. Pumbu hujaa, hukaza na kuuma zaidi badala ya kupungua. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Rangi ya zambarau pekee bila uvimbe unaoongezeka ni michubuko ya kawaida, hata ikishuka hadi mapajani.

Tatizo la pili ni maambukizi, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 7. Pengine mshono huachia kidogo mahali pamoja. Mara nyingi hupona wenyewe kwa kuoshwa. Ganzi ndogo ya ngozi kandokando ya kovu huisha ndani ya miezi.

Kabla ya upasuaji mweleze daktari kama unatumia aspirini, klopidogreli, wafarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Usiiache kwa uamuzi wako. Wengine waliwekewa vyuma kwenye mishipa ya moyo, na kwao kuacha ghafla ni hatari kuliko kinundu.

19. Nitajiuguzaje nyumbani?

Pumzika saa 48 za kwanza, ukilala na taulo iliyokunjwa chini ya pumbu kuliinua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa wakati mmoja, husaidia siku ya kwanza. Vaa chupi ya kubana mchana na usiku kwa wiki 1 hadi 2. Inazuia uvimbe kuliko dawa yoyote. Kuoga kwa maji ya kumwagika ni baada ya siku 1 au 2. Kukaa kwenye beseni au kuogelea, subiri ngozi izibe kabisa.

Kazi ya kukaa unaweza kurudi baada ya siku 2 hadi 4. Kubeba mizigo, baiskeli na mpira, wiki 2 hadi 4. Tendo la ndoa na kujichua, subiri angalau wiki 2 kwa mkato mdogo na wiki 4 kwa mkubwa. Kusimama kwa uume usingizini huvuta mshono kidogo lakini hakuufungui. Nyuzi hudondoka zenyewe, usizivute. Usinyoe mahali hapo hadi kovu liwe imara, maana nywele zinazoota ndani ya kovu jipya huleta vipele vinavyodhaniwa ni vinundu vimerudi.

20. Vitarudi?

Kilichotolewa kizima hakirudi. Vinavyoonekana baadaye kwa kawaida ni vidogo vilivyokuwepo bila kuonekana, au vipya kwenye ngozi iliyobaki. Kabla ya kulala mezani, mwombe mpasuaji alivute pumbu na kuliangalia likiwa limenyooka. Vinundu vya milimita 1 hujificha ndani ya mikunjo. Jipapase mara moja kwa mwezi kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6, na muone daktari ukiona kipya.

21. Uzazi na nguvu za kiume zitaathirika?

Hapana, si vinundu wala upasuaji wake. Kazi yote hufanyika kwenye ngozi. Korodani, mirija ya mbegu na mishipa ya uume haiguswi. Kama mimba haipatikani, tafuteni sababu nyingine, na mpimwe wote wawili.

## Hali zisizo za kawaida

22. Ni mtoto wa miaka 9 mwenye kinundu kimoja. Ni hiki hiki?

Inawezekana, lakini kwa mtoto vipimo vya damu na ultrasaundi visirukwe. Kama kinundu kiko kwenye ngozi, hakikui na hakimsumbui, kinaweza kusubiri hadi awe mkubwa wa kuvumilia ganzi bila kulazwa usingizi.

23. Ripoti ya ultrasaundi inataja chokaa ndani ya korodani, au kijiwe kinachoelea. Ni kitu kilekile?

Si kitu kilekile. Kijiwe kinachoelea kati ya tabaka za utando unaofunika korodani ni lulu ya pumbu: hakina madhara, na ukikipapasa kinakimbia chini ya vidole. Vidoti vidogo vidogo vya chokaa ndani ya korodani yenyewe vina jina lake, mikrolithiasisi. Peke yake si ugonjwa, ila kwa aliyewahi kuwa na korodani isiyoshuka, korodani iliyosinyaa, au ndugu wa karibu mwenye saratani ya korodani, huhitaji kufuatiliwa. Soma ripoti uone imesema "ukuta wa pumbu" au "ndani ya korodani". Kama haijasema, rudi ukaulize.

24. Vinaweza kutokea kwenye uume, au kwa mwanamke?

Ndiyo, ingawa ni nadra zaidi. Vimeonekana kwenye ngozi ya uume na kwenye mashavu ya uke. Utambuzi ni uleule na kuondoa ni kulekule, isipokuwa kwenye uume ngozi ni chache na mkato hupangwa kwa uangalifu zaidi.

25. Majibu ya maabara yanasema "kifuko cha epidemisi chenye chokaa". Daktari alikosea?

Hakukosea. Epidemisi ni ngozi ya juu; usiichanganye na epididimisi ya swali la 6. Mtaalamu wa patholojia amekuta ukuta wa kifuko ukiwa bado upo, yaani amekikuta kinundu katika hatua ya mapema (swali la 4). Angekipata miaka kadhaa baadaye pengine angeandika chokaa tupu: madoa ya bluu iliyoiva kwenye rangi ya kawaida ya maabara, meusi kwenye rangi ya von Kossa, na seli kubwa za kinga pembeni. Matibabu uliyopata ni yaleyale. Mstari wa kusoma kwa makini kwenye ripoti ni ule unaosema kama kuna seli zisizo za kawaida. Ukisema hakuna, weka nakala ya ripoti hiyo mahali salama, ili daktari mwingine atakayekuona baada ya miaka asianze upya.